Mkopo wako umepita, tanguliza elfu arobaini na tano: maswali ya wasomaji wa Kusini

Barua na jumbe nyingi zilizotufikia safari hii kutoka Mtwara na Lindi zinazungumzia kitu kimoja: simu yenye sauti ya kurekodiwa inayompongeza mtu kwa mkopo ambao hakuuomba. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, na majina ya waulizaji tumeyaacha.

Simu ilipigwa na namba ya kawaida. Sauti ya mwanamke kama ya redioni ikasema: "Hongera! Ombi lako la mkopo wa shilingi 1,500,000 limeidhinishwa. Bonyeza moja kuzungumza na afisa mikopo." Nikabonyeza. Akaja kijana mpole, akataja benki ninayoifahamu na majina yangu yote, akasema nitume 45,000 ya bima ya mkopo, hela itaingia ndani ya dakika kumi. Sikutuma kwa kuwa sikuwa nayo. Sasa muda wa kupulizia mikorosho salfa umefika na sitaki tena kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi. Je, bahati imenipita? (Mkulima, Tandahimba)

Hapana, ndugu yetu. Kukosa hiyo 45,000 ndiko kulikokuokoa.

Angalia hela inatembea kuelekea wapi. Bima ya mkopo ipo kweli, na ada ya kushughulikia maombi ipo pia. Benki na SACCOS nyingi huzitoza. Lakini kwa kawaida hukatwa kwenye mkopo wenyewe: unakopa 1,500,000, unapokea pungufu kidogo, na karatasi inaonyesha kilichokatwa na sababu yake. Mwenye milioni moja na nusu ya kukupa hana shida ya elfu arobaini na tano zako. Akitaka utangulize, tena kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hapo mazungumzo yameisha.

Na ungetuma, isingeishia hapo. Baada ya bima huja "ada ya kufungua akaunti", kisha "kodi", kisha ile inayowamaliza wengi: "mfumo umekataa, tuma tena kiasi hichohicho, vyote vitarudi pamoja na mkopo." Kila kiasi hupangwa kiwe kidogo ukilinganisha na ulichokwisha kutoa, ili uone hasara kuacha njiani.

Majina yako kuyajua si ajabu. Mwombe jirani aingize namba yako kwenye menyu ya kutuma pesa, aandike shilingi elfu moja, asithibitishe. Jina ulilosajilia laini litamtokea kwenye skrini kabla hajaweka namba ya siri. Tapeli hufanya hivyohivyo. Jina la benki nalo hulitaja yeyote anayetaka kulitaja, na makelele ya ofisini unayoyasikia nyuma yake huenda yanatoka kwenye simu nyingine iliyo mezani.

Mkopo haupiti kabla haujaombwa. Mkopeshaji anataka kujua kipato, dhamana, mdhamini na historia yako ya kulipa. Kwa mkulima wa korosho ataulizia pia kilo ulizopeleka AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) misimu iliyopita. Tofauti iko kwenye mikopo ya simu kama Songesha na Timiza, ambako kampuni hukupangia kiwango kwa kuangalia miamala yako. Hata hiyo unaiona wewe mwenyewe ukiingia kwenye menyu (*150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa), na hakuna afisa anayekupigia kudai ada.

Kwa habari ya salfa, nenda AMCOS yako ukaulizie mgawo wa pembejeo kabla ya kufikiria mkopo wowote. Ukiona bado unahitaji kukopa, ingia tawini kwa miguu yako.

Nilipokea, nikabonyeza 1, kisha nikaogopa nikakata. Salio liko palepale. Wenzangu sokoni wanasema wameshaingia ndani ya simu yangu. Nitupe laini? (Mama lishe, Chuno, Mtwara Mjini)

Usiitupe, dada. Kubonyeza tarakimu wakati wa maongezi kunapeleka mlio tu kwenye mashine ya upande wa pili. Hakufungui pochi yako ya pesa kwenye simu wala hakusomi namba ya siri. Ulichowapa ni taarifa kwamba namba yako iko hewani na mwenyewe anasikiliza, kwa hiyo tegemea watapiga tena.

Ingekuwa vingine kama sauti hiyo ingekutaka uingize namba ya siri kwa vitufe "kuhakiki". Ile milio hurekodiwa, kisha hugeuzwa kuwa tarakimu kwa urahisi kabisa. Namba ya siri usiibonyeze ukiwa hewani na mtu, hata awe nani.

Mimi ni wakala. Wateja huja kibandani simu ikiwa sikioni, wanataka niweke 200,000 kwenye namba ya mtu upesiupesi. Nikiuliza, wengine wanakuwa wakali. Nifanyeje bila kupoteza mteja? (Masasi)

Mteja aliyeambiwa asikate simu ndiye wa kumchelewesha, maana tapeli anajua akikata tu atapata nafasi ya kufikiri. Mwambie mtandao unasumbua, au floti (salio lako la uwakala) haitoshi, subiri kidogo. Huo ni uongo mdogo na hatuoni ubaya wake. Mwombe akate simu, kisha muulize: huyu unamjua kwa sura? Umewahi kumtumia? Hela hii ni ya nini? Kwenye swali la tatu, aliyeahidiwa mkopo atajibu "ya bima" au "ya fomu".

Tunakushauri pia usimwekee mteja hela moja kwa moja kwenye namba ya mtu mwingine. Weka kwenye laini ya mteja mwenyewe, kisha atume kwa mkono wake. Kuna faida mbili hapo. Jina la mpokeaji litamtokea yeye kwenye skrini, na wengi hushtuka wakiona jina la mtu badala ya la benki. Tena muamala utakuwa wake, kwa hiyo akitapeliwa anaweza kuulalamikia mwenyewe kwa kampuni ya simu. Ukiweka wewe, mwenye muamala ni wewe, na kesho atarudi na ndugu zake kibandani.

Na wewe wakala jihadhari. Anayejiita mhakiki wa floti na kukutaka ufungue menyu "tujaribu mfumo" ni mtu wa kundi lilelile.

"Afisa mikopo" alisema nihakiki laini kwa kupiga *21* kisha namba aliyonitajia kisha #. Ikaandika imefanikiwa. Tangu jana simu yangu haiiti, na WhatsApp yangu inaomba watu hela. Napoteza wateja. (Bodaboda, Kilwa Masoko)

Ulichopiga ni amri ya kuhamisha simu. Kila anayekupigia anaunganishwa kwa yule jamaa. Hufanya kazi kwenye simu janja na kwenye kitochi vilevile, kwa sababu amri inapokelewa na mtandao, haikai kwenye simu. Kubadilisha simu hakutasaidia.

Piga *#21# uone namba simu zako zinakokwenda. Iandike pembeni, ni ushahidi. Kisha piga ##002#, inayofuta uhamishaji wote. Rudia *#21# kuhakikisha, halafu mwombe mtu akupigie. Ikikataa, piga 100 na uwaambie huduma kwa wateja wakuondolee.

WhatsApp ilichukuliwa hivi: aliisajili namba yako kwenye simu yake, akaomba apewe tarakimu sita za uthibitisho kwa kupigiwa badala ya ujumbe mfupi, na simu hiyo ikaenda kwake. Kuirudisha, maliza kwanza kufuta uhamishaji, kisha sakinisha WhatsApp upya, weka namba yako na uombe tarakimu sita. Ukiziingiza, yeye anatolewa. Kama alishaweka namba yake ya ziada ya ulinzi, utalazimika kusubiri siku 7 ndipo uingie bila namba hiyo, ila katika siku hizo na yeye atakuwa nje. Ukishaingia, washa uthibitishaji wa hatua mbili na uchague namba isiyofanana na ya pochi yako ya pesa.

Wateja na ndugu watumie ujumbe mfupi wa kawaida leo hii. Usingoje hizo siku saba.

Nilipakua programu ya mikopo. Niliomba 100,000, ikaingia 70,000, na baada ya siku saba wanataka 100,000 kamili. Nilipochelewa wakaanza kuwatumia wakuu wa shule na wazazi ujumbe kwamba mimi ni mwizi. Hawa nao ni matapeli? (Mwalimu, Nachingwea)

Mwalimu, hawa ni ndugu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kunyonga; tofauti yao na matapeli wa simu ni kwamba hela kidogo wanakupa. Piga hesabu: 30,000 juu ya 70,000 uliyopokea ni zaidi ya asilimia 42 kwa wiki. Wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, wanasimamiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 100,000 hiyo ni 3,500 kwa mwezi mzima.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yake, na Benki Kuu ina tawi Mtwara Mjini. Tafuta jina la kampuni, usitafute jina la programu peke yake. Programu hubadilisha majina kama nguo. Kama kampuni haimo kwenye orodha, au ndani ya programu huoni jina la kampuni, anwani wala namba ya leseni, umeshapata jibu.

Habari ya kuwatumia watu ujumbe: ulipoifungua mara ya kwanza iliomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yako, ukakubali. Nenda Mipangilio, Programu, chagua programu hiyo, Ruhusa, ondoa zote, kisha uifute. Majina waliyokwisha kunakili hayatarudi, kwa hiyo watangulie wenzako kwa ujumbe mfupi wa mistari miwili unaoeleza kilichotokea. Piga picha za skrini za vitisho vyote, namba zionekane na tarehe. Kusambaza taarifa za mtu kwa namna hiyo kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama mkopeshaji ana leseni, deni linabaki pale pale, ila lipa kwa njia iliyoandikwa kwenye mkataba na utunze risiti. Usilipe kwenye namba ya "mkusanyaji" aliyekutukana kwenye simu.

Kikundi chetu kiliomba mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri. Sasa mtu amepiga, anasema tumepita, kila mwanachama atoe 10,000 ya "kufungulia faili". Kweli tuliomba. Tutoe? (Akina mama, Ruangwa)

Msitoe, mama zetu. Huyu amebahatisha, au amesikia mahali, kwamba mliomba. Mikopo hii hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) na haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024, na kipindi kile cha kusubiri kiliwapa matapeli hadithi nzuri ya kusimulia. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulize faili lenu limefika wapi. Malipo yoyote halali ya serikali yana namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, hayaendi kwenye simu ya mtu.

Juzi kilitokea kisanduku kwenye skrini wakati naongea na hao watu wa mkopo. Waliniambia niweke namba ya siri ili hela iingie. Nikaweka. Ikaondoka 60,000. Wajukuu wananicheka. Inarudi? (Mzee, Mikindani)

Shikamoo mzee wetu. Kisanduku hicho ni cha kweli, kinatoka kwenye mtandao wako, na ndiyo maana hukukishuku. Mfanyabiashara anayepokea malipo kwa simu anaweza kukitumia mteja: anaingiza namba yako na kiasi, ombi linakutokea. Ndani yake huwa kumeandikwa unalipa kiasi gani na unamlipa nani. Tapeli hukuharakisha kwa maneno ili usisome. Kupokea hela hakuhitaji namba ya siri. Namba ya siri huitwa pale hela inapotoka, au unapotazama mambo yako mwenyewe kama salio.

Kurudi au kutorudi kunategemea kama mpokeaji ameshaitoa, na siku mbili ni nyingi, hatukufichi. Hata hivyo fanya leo.

Piga 100 kwa laini iliyokatwa hela. Wape namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa uthibitisho, kiasi, saa, na jina au namba ya mpokeaji. Hela ikiwa bado ipo kwenye akaunti yake wanaweza kuizuia wakichunguza. Kama ilivuka kwenda mtandao mwingine, azima simu yenye laini ya mtandao huo na uwapigie pia kwa 100. Namba ni moja kwa mitandao yote, lakini inakuunganisha na mtandao wa laini unayopigia. Waombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Bila hiyo, kesho utaanza kusimulia upya.

Badilisha namba ya siri kwa kuingia kwenye menyu mwenyewe. Jumbe zote ziache, usifute hata moja. Nenda kituo cha polisi ukiwa na simu na kitambulisho, ueleze, upewe RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi). Wizi wa namna hii una Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni ugomvi wa kudaiana. Ujumbe wowote waliokutumia usambaze kama ulivyo kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ya kuripoti utapeli; ukijibiwa kwamba uandike namba ya tapeli, iandike.

Kuna jambo moja linalofuata karibu kila mara. Baada ya siku chache atapiga "askari wa mitandao" au "mwanasheria", anajua kiasi ulichopoteza, anasema tapeli amekamatwa na hela yako ipo, tuma 15,000 ya kuifungulia. Anajua kiasi kwa sababu ndiye aliyeichukua, au aliuziwa namba yako na aliyeichukua.

Wajukuu wanaocheka wape kazi ya kukupeleka kituoni.

Nilituma picha ya kitambulisho cha NIDA na picha yangu kwa hao "maafisa". Hela sikutuma. Nina hatari gani? (Mfanyabiashara wa ufuta, Lindi Mjini)

Hatari ipo, lakini si ya kukosa usingizi. Kusajili laini tangu mwaka 2020 kunataka alama ya kidole, kwa hiyo picha ya kitambulisho pekee haitoshi kukusajilia laini. Inatosha kuwadanganya watu wengine kwa sura na jina lako, na kukopea kwenye programu zisizo na leseni ambazo hazijali kuhakiki.

Piga *106# na ufuate maelekezo kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Andaa tarakimu zako 20 za NIDA. Rudia kila baada ya muda. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao huo na kitambulisho, uikane, iondolewe. Mara nyingi namba hizo hazitokani na picha kabisa: ni wasajili wa barabarani waliomwambia mtu "mashine imekataa, weka kidole tena", na kila kidole kilichorudiwa kikazaa laini.

Mama yangu yuko Newala, ana kitochi. Mimi niko Dar es Salaam. Simu hizi hazimwishii. Kuna namna ya kuzizuia zote? (Msomaji)

Zote, hapana. Hata Marekani, ambako simu za mashine ni kero ya miaka mingi na mamlaka yao ya mawasiliano ilitamka Februari 2024 kwamba sauti za akili mnemba nazo zimo ndani ya katazo la sheria yao ya mwaka 1991, bado zinaita. Kufungia namba moja moja kunapunguza kidogo, kwa kuwa kesho wanakuja na laini nyingine. Kitochi nyingi zina orodha ya namba zilizozuiwa kwenye mipangilio ya simu. Nyingine pia zina chaguo la kupokea namba zilizohifadhiwa tu. Hilo la pili ndilo tungemwekea mama, mradi umhifadhie kwanza zahanati, mwenyekiti wa kijiji, katibu wa AMCOS na ndugu wote, wakiwemo wale wanaobadilisha laini kila mwezi.

Kama simu yake haina chaguo hilo, kubalianeni kwamba simu yoyote inayotaja hela anaikata na kukupigia wewe, hata usiku. Kisha wiki ijayo mpigie kwa namba asiyoijua, mwambie mkopo wake umepita, usikie atakujibu nini.